Uzi: Ngome, miji ya kale na hekaya za milima ya Harz, Ujerumani, kwa safari za siku moja

Bandiko la 1: Mwanzisha uzi

Ndugu zangu, salaam.

Wengi wetu tunaoishi au kusoma Hannover, Göttingen, Braunschweig, Magdeburg, Halle na Leipzig tukipata siku ya mapumziko hukimbilia Berlin au Hamburg, ilhali mwendo wa kati ya saa moja na tatu kwa treni ya kawaida unatosha kutufikisha katika milima ya Harz. Huko, ndani ya eneo lisilo kubwa, kuna mgodi uliochimbwa kwa zaidi ya miaka elfu, ikulu ya wafalme, magofu ya ngome, miji ya mbao na udongo, na hekaya karibu kwenye kila jabali. Nimefungua uzi huu kwa sababu maelezo mengi ya utalii humpeleka mgeni kwenye ngome moja yenye sura ya kupendeza na kwenye maduka ya vinyago vya wachawi, kisha humrudisha nyumbani bila kumweleza ni kwa nini wafalme walihangaika kujenga katika milima hiyo yenye baridi na ukungu. Ushauri wangu ni kwamba anayetaka kuielewa Harz aanze na mgodi, ngome zifuate, na wachawi waje mwisho.

Siku ya kwanza, kwa hiyo, ni ya Goslar. Juu kidogo ya mji kuna mlima Rammelsberg, ambao uchimbaji wake unatajwa katika maandishi ya mwaka 968 na ulioendelea kutoa fedha, shaba, risasi na zinki hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1988. Hekaya inasema kwamba mtumishi wa Mfalme Otto I aliyeitwa Ramm alimfunga farasi wake kwenye mti ili afuatilie windo kwa miguu, na aliporudi akakuta farasi huyo, kwa kuchoka kusubiri, ameparapara ardhi kwa kwato mpaka mshipa wa madini ukaonekana. Ukweli ni mzito kuliko hekaya. Fedha ya mlima huo ndiyo iliyowavuta watawala wa Dola Takatifu la Roma kuja kukaa hapa, na katika karne ya 11 Kaizari Heinrich III akajenga ikulu ambayo hadi leo ndiyo inayoutawala mji kwa macho. Alifariki katika Harz hiyohiyo mwaka 1056. Mwili wake ulizikwa Speyer, lakini moyo wake uko Goslar, katika kanisa dogo la Mtakatifu Ulrich lililoungana na ikulu. Jengo la ikulu lenyewe lilikarabatiwa sana katika karne ya 19, na michoro mikubwa ya ukutani ni ya wakati huo. Anayetafuta mkono wa Zama za Kati asimame zaidi ndani ya hilo kanisa dogo.

Ingieni mgodini kabla ya kutembea mjini. Ndani ya mahandaki kuna sehemu ambazo maji yaliyochujika kwenye madini kwa karne nyingi yameacha chumvi za rangi ya buluu, kijani na njano juu ya kuta, zikining'inia mithili ya nta iliyoganda, na kuna magurudumu makubwa ya mbao yaliyosukumwa na maji ili kuvuta mawe na kutoa maji shimoni. Mgodi na mji mkongwe viliingizwa pamoja katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1992, na mwaka 2010 ukaongezwa mtandao wa mabwawa na mifereji ya kusukuma mitambo ya migodi ya Harz ya juu.

Ukishatoka hapo, ngome zitaanza kukueleza habari zake zenyewe. Mwendo mfupi wa treni kutoka Goslar upo mji wa Bad Harzburg, na juu ya mlima wake kuna mabaki ya Harzburg, ngome ambayo Heinrich IV, mtoto wa yule Heinrich III, aliijenga katika miaka ya 1060 ili kuilinda fedha na kuwabana Wasaksoni waliokuwa hawautaki utawala wake. Mwaka 1073 Wasaksoni waliizingira na mfalme akatoroka usiku kupitia msituni. Mwaka uliofuata wananchi wenye hasira wakaivunja, wakalibomoa kanisa lake na hata kufukua mifupa ya mdogo wake mfalme na ya mtoto wake mchanga. Huyu ndiye Heinrich ambaye mwezi Januari 1077 alisimama kwenye theluji nje ya ngome ya Canossa, Italia, akimwomba Papa Gregori VII amwondolee adhabu ya kutengwa na Kanisa. Leo pale juu kuna misingi ya mawe, kisima, na mnara wa kumbukumbu wa mwaka 1877 wenye maneno ya Bismarck, Waziri Mkuu wa Ujerumani wa wakati huo, kwamba Canossa hawatakwenda, yaani hawatampigia Papa magoti. Watu wengi hupanda kwa vile vichumba vinavyoning'inia kwenye waya, hupiga picha ya mandhari na kushuka. Mimi naona ni mahali pa kukaa, maana ni nadra kuona gofu dogo hivyo likiwa limebeba mgogoro mkubwa hivyo.

Kama una siku moja tu maishani ya kuitembelea Harz, nenda Quedlinburg. Hekaya ya mji inasema kwamba mwaka 919 Mtawala Heinrich wa Sachsen, nchi ya Wasaksoni, atakayeitwa Heinrich I, alikuwa akitega ndege wadogo wakati wajumbe walipomletea habari kwamba amechaguliwa kuwa mfalme, na mpaka leo ipo sehemu chini ya kilima cha ngome inayoitwa Finkenherd, yaani mahali pa kutegea ndege hao. Iwe ndege ni kweli au la, mfalme huyo alizikwa juu ya kilima hicho mwaka 936, na mjane wake Mathilde, kwa idhini ya mwanawe Otto I, akaanzisha hapo jumuiya ya wanawake wa ukoo wa kifalme iliyoutawala mji hadi mwanzoni mwa karne ya 19. Hawa hawakuwa wanawake wa kukaa kando. Mkuu wao wa kwanza, Mathilde mjukuu, alikabidhiwa kuisimamia Sachsen mwaka 997 wakati Otto III, mtoto wa kaka yake, alipokwenda Italia. Karibu miaka mia tano baadaye, mwaka 1477, mkuu mwingine aliyeitwa Hedwig aliwaita kaka zake na majeshi yao, akauvunja ukaidi wa wenye mji na kuiangusha sanamu ya Roland, ambayo kwa miji ya Ujerumani ilikuwa alama ya uhuru. Sanamu hiyo ilisimamishwa tena mwaka 1869 na iko kando ya jengo la baraza la mji. Ukipita sokoni simama uitazame.

Nyumba za Quedlinburg zaidi ya elfu moja zimejengwa kwa mihimili ya mbao, na ile ya mtaa wa Wordgasse ni ya karne ya 14. Itazameni kwa karibu. Kati ya mhimili na mhimili zimesukwa fito, kisha zikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu, na juu yake ikapakwa chokaa. Aliyekulia kwenye nyumba ya miti na udongo atakitambua kiini cha ukuta huo mara moja. Tofauti iko kwenye mhimili, kwa kuwa fundi wa huku alikuwa na mwaloni mnene, akauchonga na kuunganisha kwa vigingi vya mbao.

Juu ya kilima, ndani ya kanisa la Mtakatifu Servatius lililowekwa wakfu mwaka 1129, kuna hazina ya masanduku ya pembe za ndovu, vitabu vyenye majalada ya vito na vyombo vya fuwele. Mwaka 1945 ofisa mmoja wa jeshi la Marekani alichukua vitu kadhaa kutoka kwenye pango vilikofichwa, akavituma kwao Texas kwa posta ya jeshi, na baada ya kifo chake warithi walipoanza kuviuza ndipo habari ikafichuka. Sehemu kubwa ilirudi Quedlinburg mwaka 1993.

Nitaendelea na ngome nyingine na wachawi kulingana na maswali yenu.

Bandiko la 2: Mchangiaji, Halle

Mkuu, asante sana kwa uzi huu, nimeusoma mpaka mwisho. Nina maswali mawili. Wazazi wangu wanakuja kunitembelea na mama anasumbuliwa na magoti, kwa hiyo ningependa kujua ni wapi patamfaa. Pili, umesema kuna ngome moja yenye sura ya kupendeza ambayo watu hupelekwa, na nadhani unaizungumzia Wernigerode. Je, haifai? Maana picha zake ndizo zilizonivutia kwanza.

Bandiko la 3: Mwanzisha uzi

Karibu sana ndugu, na wazazi wako wafike salama.

Wernigerode inafaa, ila aendaye ajue anachokitazama. Kilima kile kilikuwa na ngome tangu karne ya 12, lakini sura unayoiona kwenye picha, ile minara iliyochongoka na madirisha ya kila umbo, ni kazi ya karne ya 19, enzi za Mkuu Otto wa Stolberg-Wernigerode, aliyeijenga upya kulingana na ndoto ya watu wa wakati wake kuhusu Zama za Kati. Kama kasri la karne ya 19 ni zuri, na vyumba vyake vinaonyesha wazi jinsi tabaka la juu lilivyoishi. Mji ulio chini yake ndio mkongwe zaidi kwa macho, hasa jengo la baraza la mji lenye vibaraza viwili vyenye paa zilizochongoka, na nyumba ya Krummel ya mwaka 1674 ambayo sehemu yake yote ya mbele imefunikwa kwa nakshi za mbao. Kwa mama yako naipendekeza Wernigerode kuliko Quedlinburg, kwa kuwa kuna magari madogo yanayopandisha wageni hadi kasri, ilhali Quedlinburg mitaa imetandikwa mawe ya mviringo na njia ya kupanda kanisani ni mteremko mkali wa mawe hayohayo. Goslar pia itamfaa, maana ikulu iko karibu na tambarare.

Kuhusu ngome za kweli za vita na himaya, ziko mbili ambazo nazipenda. Ya kwanza ni Regenstein, karibu na Blankenburg, ambayo vyumba vyake vilichimbwa ndani ya jabali la mawe ya mchanga, hata ukiingia unaona alama za patasi ukutani na mashimo ya kuchomekea boriti. Wakuu wa Regenstein walikuwa mwiba kwa majirani, na katika miaka ya 1330 raia wa Quedlinburg walimkamata mmoja wao, Albrecht II. Inasimuliwa kwamba walimfungia ndani ya sanduku la mbao lenye tundu, na sanduku lenyewe limehifadhiwa katika makumbusho ya Quedlinburg. Ngome iliendelea kutumika kwa vita mpaka jeshi la Prussia lilipoibomoa mwaka 1758. Ya pili ni Falkenstein, juu ya bonde la mto Selke, iliyobaki karibu nzima. Desturi inaihusisha na Eike von Repgow, ambaye katika miaka ya 1220 hadi 1235 aliziandika sheria za kimila za Wasaksoni kwa Kijerumani cha wakati huo kwa kuombwa na Hoyer wa Falkenstein, mmoja wa wakuu wa hapo. Treni haifiki Falkenstein na njia ya mwisho ni ya miguu, kwa hiyo mama yako asiende huko.

Kwa upande wa nauli, Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya nchi nzima iliyoanza Mei 2023, inakubalika kwenye treni zote za mikoa zinazokwenda Goslar, Wernigerode, Quedlinburg na Thale. Wazazi wasio nayo mnaweza kuwanunulia tiketi ya siku ya jimbo, ambayo watu hadi watano husafiri pamoja. Kutoka Halle mnapita Halberstadt. Mkipata nafasi ya kushuka hapo, kanisa kuu lake lililojengwa kuanzia karne ya 13 lina hazina ya mazulia ya ukutani ya karne ya 12 ambayo inashangaza.

Bandiko la 4: Mchangiaji, Hannover

Mimi niko tofauti kidogo na mwanzisha uzi kuhusu mpangilio. Kilichonivuta kwenda Harz ni hizo hekaya za wachawi na mlima Brocken, na naamini wengi tunaanzia hapo. Ila nilipofika Thale mwishoni mwa Aprili na kuona watu wazima na watoto wamevaa mavazi ya wachawi wakicheza na kunywa, moyo uliniwia mzito, kwa kuwa kwetu Usukumani vikongwe wameuawa kwa kushukiwa tu uchawi. Ningependa kusikia mtazamo wako.

Bandiko la 5: Mwanzisha uzi

Ndugu, hisia yako naiheshimu na naishiriki, ndiyo maana niliwaweka wachawi mwisho.

Usiku wa tarehe 30 Aprili unaitwa kwa jina la Walburga, mtawa mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa mkuu wa watawa Heidenheim katika karne ya 8, na ambaye siku yake huadhimishwa tarehe 1 Mei. Juu ya sikukuu yake wakapandikiza imani kwamba wachawi huruka usiku huo kwenda Brocken kukutana na shetani, na mwandishi Goethe, aliyepanda mlima huo Desemba 1777, akaiingiza imani hiyo katika tamthilia yake kuu na kuifanya ijulikane duniani. Lakini katikati ya hayo kuna wanawake na wanaume wa kweli waliochomwa moto. Sheria ya jinai ya Kaizari Karl V ya mwaka 1532 iliruhusu mateso wakati wa kuhoji na ikaweka adhabu ya moto kwa uchawi wa kudhuru, na katika karne mbili zilizofuata Ujerumani ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoua washtakiwa wengi zaidi wa uchawi barani Ulaya. Sioni ubaya kwa mtoto kuvaa kofia iliyochongoka, lakini sifurahii kwamba mgeni anaweza kuzunguka siku nzima kati ya vinyago bila kukutana na habari hiyo. Wewe uliyekwenda ukiwa na kumbukumbu ya vikongwe wetu uliiona Thale kwa usahihi kuliko wengi.

Thale hata hivyo ina hekaya nyingine, na kwangu ni bora. Bonde la mto Bode hapo limechimbika kati ya majabali mawili. Inasimuliwa kwamba binti mfalme Brunhilde, akimkimbia Bodo aliyetaka kumwoa kwa nguvu, aliruka na farasi wake kutoka jabali moja hadi la pili, na kwato la farasi likaacha alama kwenye mwamba unaoitwa Roßtrappe. Taji lake lilianguka mtoni. Bodo akaporomoka, akageuka mbwa mweusi anayelilinda taji hilo chini ya maji. Alama iko juu ya mwamba, shimo lenye umbo la kwato ambalo mvua hulijaza. Nenda siku ya kawaida ya Septemba, upande upande mmoja kwa waya na ushuke bondeni kwa miguu.

Kuhusu Brocken wenyewe, urefu wake ni mita 1,141 tu, lakini ndio mwinuko wa kwanza kukutana na upepo unaotoka kwenye tambarare na bahari ya kaskazini, hivyo una ukungu karibu siku 300 kwa mwaka. Jua likiwa chini nyuma yako na ukungu ukiwa mbele, kivuli chako huangukia ukungu kikiwa kikubwa, na mara nyingine huzungukwa na duara la rangi kama za upinde wa mvua. Hilo ndilo jitu la Brocken ambalo wapandaji wa zamani waliliogopa. Enzi za Ujerumani Mashariki kilele kilikuwa eneo la jeshi, na raia waliruhusiwa kupanda tena tarehe 3 Desemba 1989. Treni ya mvuke hupanda kutoka Wernigerode kwa tiketi yake yenyewe, ambayo si rahisi, kwa hiyo anayeweza kutembea apande basi la Bad Harzburg hadi Torfhaus na aende kilomita kama 8 kwa miguu. Wapenzi wa reli wataona kwamba njia ya treni hiyo ya mvuke, ya mwaka 1899, ina upana wa milimita 1,000, sawa na reli ya Tanga ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893.

Bandiko la 6: Mchangiaji, Leipzig

Naomba kuongeza Kyffhäuser, kusini ya Harz, hata kama si Harz yenyewe. Hekaya yake ni ya Kaizari Friedrich Barbarossa, aliyekufa maji mwaka 1190 katika mto wa Anatolia (Uturuki ya leo) akiwa njiani kwenda vita vya msalaba, lakini watu wakasema amelala ndani ya mlima, ndevu zake nyekundu zikikua kuizunguka meza, naye hataamka maadamu kunguru bado wanaruka juu. Kuna magofu ya ngome yenye kisima cha mita 176, na mnara wa mita 81 uliokamilika mwaka 1896. Je, unaonaje, panastahili siku nzima?

Bandiko la 7: Mwanzisha uzi

Panastahili, ndugu, na asante kwa kupataja. Nadhani wenzetu waende huko baada ya Quedlinburg, kwa sababu mahali hapo pawili panaonyesha jinsi mfalme aliyekufa anavyoweza kutumiwa. Mnara wa Kyffhäuser ulijengwa na vyama vya askari wastaafu kumtukuza Kaizari wa Ujerumani Wilhelm I kana kwamba ndiye Barbarossa aliyeamka. Quedlinburg nako, mwaka 1936, Himmler, mkuu wa kikosi cha SS cha Wanazi, aliadhimisha miaka elfu ya kifo cha Heinrich I kwa gwaride la kikosi hicho, na baadaye kanisa likanyang'anywa waumini na kugeuzwa mahali pa ibada ya itikadi yao. Waulizeni wahudumu wa kanisa, wanaieleza historia hiyo bila kuificha.

Jambo la mwisho kwa wanaopanga safari: msishangae kuona miteremko mizima ya miti iliyokauka. Misonobari hiyo ilipandwa kwa wingi zama za migodi kwa ajili ya mbao, na baada ya ukame ulioanza mwaka 2018 wadudu wa magome wakaiangamiza. Baadhi ya njia hufungwa kwa hatari ya miti kuanguka au moto, kwa hiyo angalieni taarifa za hifadhi kabla ya kutoka, hasa anayepanda kupitia Torfhaus au Schierke.